Kuwafundisha wanafunzi kuandika yaliyowapata: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa walimu wa Kiswahili wa skuli za Unguja na Pemba, na wa wazazi wanaokaa na watoto wao jioni kuwasaidia kazi za nyumbani. Mimi nasomesha insha Pemba. Maswali yaliyomo humu huniijia kutoka kwa walimu wenzangu, kwa wanafunzi, na kwa wazazi wanapokuja skuli kuchukua ripoti. Nimeyajibu kwa namna ninavyosomesha, na nyuma ya majibu yote kuna imani moja: mtoto wa visiwa hivi ana mengi ya kuandika kuliko tunavyomruhusu. Tumwachie kwanza aandike alichokiona kwa macho yake, kisha ndipo tumsahihishe alivyokiandika.

Nimewapa "Siku nisiyoisahau", na nusu ya darasa wameandika ajali ya gari. Kwa nini?

Kwa sababu hiyo ndiyo insha wanayoijua. Imo kwenye daftari la kaka, imo kwenye kitabu cha mazoezi, imo kwenye ubao wa darasa la jirani. Dereva anakwenda mwendo wa kasi, gari inaacha njia, watu wanapiga mayowe, majeruhi wanakimbizwa hospitali, na mwisho kabisa "ajali haina kinga". Mwandishi mwenyewe hajawahi kuona ajali. Mara nyingine hata barabara anayoieleza haipo Pemba.

Usimwite mvivu. Ameshaamini kwamba insha ni kitu kinachotoka mahali pengine, na kwamba maisha ya kwao hayafai kuandikwa. Imani hiyo ndiyo ya kuvunja, na haivunjwi kwa kumwandikia "Uwongo!" kwa wino mwekundu.

Anza kwa kukitazama kichwa cha insha ulichompa. "Siku nisiyoisahau" inamtaka atafute jambo kubwa. Mtoto wa miaka 13 hana majambo makubwa mengi, kwa hiyo anaazima. Mpe kichwa kidogo kinachomrudisha kwao: "Kitu nilichokipoteza." "Mara ya kwanza kupanda boti." "Siku niliyotumwa dukani nikasahau nilichotumwa." "Adhabu niliyopewa bila kosa." "Mgeni aliyelala kwetu." Kwa vichwa hivi ajali za kuazima hupungua zenyewe, kwa sababu hakuna mfano wa kunakili.

Na ule mnyororo wa "niliamka, nikapiga mswaki, nikanywa chai" je?

Ukate. Mwambie aanze pale jambo lenyewe linapoanza. Kama hadithi ni ya kupotea sokoni, sentensi ya kwanza iwe sokoni. Chai ya asubuhi ina nafasi yake pale tu ambapo siku hiyo chai haikuwepo na hilo ndilo lililosababisha yaliyofuata.

Mwanafunzi ananiambia, "Mwalimu, mimi sina la kuandika." Nimjibu nini?

Usimjibu, muulize. Lakini usimuulize "ulifanya nini likizo?", maana utapata "nilimsaidia mama kazi za nyumbani" na mlango utafungwa hapo hapo. Muulize kitu kidogo ambacho jibu lake hakuliandaa. Kwenu kuna kitu gani ambacho watoto hawaruhusiwi kukigusa? Mara ya mwisho ulipolia ulikuwa umekaa wapi? Siku ya kwanza uliyofunga Ramadhani mpaka magharibi, saa ngapi ulitaka kufungua, na nani alikuona? Nani hukemea kwenu, na huanza na neno gani?

Kisha mkumbushe mahali alipo. Mtoto wa Wete, Konde au Mkoani anaijua karafuu kwa vidole vyake. Amekaa barazani usiku akichambua, karafuu huku na makonyo kule. Ameitwa kutoka mchezoni kwenda kuanua kwa sababu wingu limejifunga. Anajua nani ndani ya nyumba hukasirika zaidi mvua ikiikuta karafuu uwanjani. Watu wa mbali hulipa nauli waje wayaone hayo, na yeye anayaita "hakuna la kuandika".

Mtoto wa Paje, Jambiani au Bwejuu amefuatana na mama yake kwenye mwani maji yakitoka. Ameona mstari wa bahari ulivyokwenda mbali, amekanyaga miba ya shefu, amebeba polo lililorowa mgongoni. Wa Makunduchi anajua Mwaka Kogwa, sherehe ya kuupokea mwaka mpya, kwa ndani: aliyempiga kwa kuti la mgomba ni nani, na walipatana vipi baadaye. Wa Pemba ameukimbia mchezo wa ng'ombe akajificha nyuma ya mtu mzima. Wa Mjini naye, ambaye ndiye hulalamika zaidi kwamba hana kitu, amesimama kwenye foleni ya urojo sarafu zikimponyoka, amepotezana na dada yake Mnazi Mmoja usiku wa sikukuu, ameshuka daladala kituo sicho. Wenzake wa Chake Chake wana viwanja vyao vya Tibirinzi siku hizo hizo za Idi.

Yote haya yaorodheshwe ubaoni na wanafunzi wenyewe, kwa maneno yao. Mwalimu akiorodhesha yeye, darasa zima litaandika cha kwanza kwenye orodha.

Kipindi cha kwanza nikiendeshe vipi? Nina dakika 40 na watoto wengi.

Kwanza mdomo, kalamu baadaye. Watoto wetu wamekua wakisikiliza, na wengi ni wasimulizi hodari ukiwakuta uwanjani wakati wa mapumziko. Kinachowatia uzito ni karatasi. Basi wape dakika kumi za mwanzo wasimuliane wawili wawili. Anayesikiliza ana kazi maalumu: asikatize, na mwisho aulize maswali matatu. Ulikuwa wapi hasa? Ulisikia nini? Nani mwingine alikuwepo na alikuwa anafanya nini? Kisha wabadilishane. Darasa litapiga kelele, na mwalimu wa jirani aombwe radhi mapema.

Baada ya hapo waandike, lakini si tukio zima. Waandike dakika moja tu ya tukio. Hili nalisisitiza kuliko jambo jingine lolote ninalolisomesha. Mtoto aliyekwenda Unguja kwa boti mara ya kwanza akiambiwa aandike safari, atakupa Mkoani, tiketi, kiti, Malindi, teksi, nyumba ya shangazi, na kila kimoja kitapata nusu sentensi. Mwambie achague: ile dakika boti ilipofika bahari ya Nungwi, ikaanza kuinuka na kushuka, na watu waliokuwa wakizungumza wakanyamaza. Nani alishika nini? Mama alisoma dua gani? Mtoto wa kiti cha mbele alifanya nini? Hapo utapata ukurasa mzima, na hutasikia tena "Mwalimu, nimemaliza" baada ya mistari minne.

Huu hapa mfano niliotunga kwa ajili ya darasa. Kwanza insha kama inavyokuja:

"Siku ya Jumamosi tulikwenda kuchuma karafuu. Tulichuma karafuu nyingi sana. Tulifurahi sana. Jioni tulirudi nyumbani tukiwa tumechoka sana."

"Sana" tatu, na hakuna hata tawi moja. Sasa dakika moja ya siku hiyo hiyo:

"Tawi nililolishika lilikuwa bado na umande. Babu alikuwa chini akilivuta kwa upembo, akiniambia kila mara, 'Vunja kikonyo, usivunje tawi.' Nikanyoosha mkono kwenye kishada cha mwisho, tawi likalia. Sote wawili tukanyamaza. Kisha babu akasema polepole, 'Shuka, mjukuu wangu, hiyo tumwachie Mungu.'"

Waulize wanafunzi: katika maandishi ya pili, ni wapi tumeambiwa kwamba mtoto aliogopa? Hakuna. Lakini kila mmoja darasani ameogopa naye. Waache walitafute wenyewe neno lililofanya kazi hiyo. Wengi watataja "likalia", na wengine watasema ni kule kunyamaza.

Skuli zinazoingia mikondo miwili zina shida ya muda, nami naijua. Gawa kazi: siku ya kwanza kusimuliana na kuandika ile dakika moja, siku ya pili kuijengea mwanzo na mwisho.

Wanafunzi wanachanganya -li-, -ka-, -me- na -ki-. Nisomesheje nyakati kwenye insha ya mambo yaliyopita?

Usisomeshe majedwali. Chukua masimulizi mafupi, uulize kila kiambishi kinafanya kazi gani pale kilipo. Haya yanatosha kwa kuanzia:

"Nilifika bandarini saa moja asubuhi. Boti ilikuwa imeshafunga gati. Abiria walikuwa wakishuka, wengine wamebeba ndoo kichwani. Nikamtafuta ami, nikamwona amekaa juu ya begi lake. Nikamwita. Hakuitika."

Kiambishi -li- kinaweka jambo mahali pake katika wakati uliopita. Ndicho kinachofungua. Kikishafungua, -ka- kinabeba yanayofuatana: nikamtafuta, nikamwona, nikamwita. Bila ya -li- mwanzoni, -ka- inaning'inia, na msomaji hajui tunazungumzia lini. Kiambishi -me- kinaonesha hali iliyokuwepo tayari mwandishi alipofika: begi limekaliwa, ndoo zimebebwa. Na -ki- kinaonesha jambo lililokuwa likiendelea, abiria wakishuka, hapo mwandishi alipokuwa amesimama.

Mwanafunzi akilielewa hilo, mpe jambo la pili: -ka- huikimbiza hadithi, "alikuwa aki-" huisimamisha. Insha yenye -ka- kuanzia juu mpaka chini inakwenda mbio na haisimami popote, na msomaji anafika mwisho hakuona kitu. Pale penye jambo zito ndipo pa kusimama na kutazama. Katika mfano wetu pa kusimama ni kule kwa ami aliyekaa juu ya begi. Mwanafunzi aongeze pale sentensi mbili za "alikuwa aki-", kisha ndipo arudi kwenye -ka-.

Tazameni pia kukanusha. Mnyororo wa -ka- haukanushwi kwa -ka-. Tumeandika "Nikamwita. Hakuitika." Wanafunzi wengi hukwama hapa, wakaandika sentensi ndefu za kuzunguka.

Kuna tofauti mbili ndogo ambazo kwangu mimi ni za thamani kubwa. Ya kwanza ni "baba alikuwa hajarudi" na "baba hakurudi". Ya mwanzo inaacha mlango wazi, ya pili inaufunga. Mtoto anayejua kuchagua kati ya hizo mbili ameshakuwa mwandishi. Ya pili ni "babu huvua Kojani" na "babu alikuwa akivua Kojani". Kiambishi hu- kinasema bado anavua. Nimesoma insha za watoto waliowaandika marehemu wao kwa hu-, na swali la kumuuliza mtoto kama huyo, kwa upole, ni moja tu: bado anakwenda? Atasahihisha mwenyewe.

Halafu lipo letu la hapa hapa. Nyumbani tunasema "bibi kaja", "mjomba kenda shamba", tukiwa na maana ya amekuja, amekwenda. Hiyo ka- ya mtu wa tatu siyo -ka- ya masimulizi. Mwanafunzi anapoandika "bibi kaja akakaa" anaandika kama anavyosikia, na kwa mazungumzo ni sawasawa. Kwenye usimulizi wa insha aandike "bibi alikuja akakaa". Muoneshe kwamba ni vitu viwili vinavyofanana kwa sauti, asije akadhani kwao hawajui kusema.

Kwa hiyo Kipemba, Kimakunduchi au Kitumbatu visiingie kabisa?

Viingie, kwa mlango wao. Anaposimulia mwandishi, lugha iwe sanifu, kwa kuwa ndiyo inayopimwa na ndiyo itakayosomwa na mtu wa Bukoba na wa Mombasa. Anaposema bibi, aseme kama bibi. Ukimsahihisha bibi wa Micheweni azungumze kama msoma taarifa ya habari, umemwondoa kwenye insha ukamweka mtu mwingine.

Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930 ikaifanyia kazi hiyo. Baadhi ya wanafunzi wa Mjini hulisikia hilo wakajiona hawana la kujifunza, na wa Pemba na Makunduchi wakajiona wako nyuma. Wote wawili wanakosea. Sanifu ya leo kila mtu anajifunza skuli, na lahaja ya nyumbani ni hazina ya masimulizi.

Maneno yetu ya kila siku kama mbatata, tungule, boflo na skuli hayahitaji ruhusa ya mtu. Yaacheni.

Je, lazima iwe kweli tupu?

Kiini kiwe kweli. Hakuna anayekumbuka maneno ya mazungumzo ya miaka mitano nyuma neno kwa neno, na mtoto ana haki ya kuyaunda yaliyo karibu na yale aliyoyasikia. Hana haki ya kumuua babu aliye hai ili insha ipate machozi. Waambie hivyo wazi, kwa sababu wapo wanaofanya.

Mzazi mmoja amelalamika kwamba insha zinatoa siri za nyumbani. Nifanye nini?

Ana haki ya kulalamika, na jambo lake lizingatiwe. Sitara ni kitu kikubwa kwetu, na mtoto haachiwi apeleke skuli ugomvi wa wazazi wake au deni la ami yake kwa sababu mwalimu anataka insha nzuri. Mimi huweka masharti kabla ya kalamu kushikwa. Majina ya watu yabadilishwe. Mtaa usitajwe kama unamfichua mtu. Insha haisomwi mbele ya darasa mpaka mwenyewe akubali, na akikataa haulizwi sababu. Na mwanafunzi ajue kwamba anaweza kuandika juu ya kitu kidogo kisichomhusu mtu mwingine: viatu, paka, mlango unaolia. Insha ya viatu vya Idi vilivyobana inaweza kuwa bora kuliko ya talaka.

Na mtoto akiandika msiba mzito?

Hapa twende taratibu, kwa sababu hapa mwalimu anaweza kuumiza.

Tunafundisha katika visiwa ambavyo bahari imechukua watu wengi kwa pamoja. MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 ikiwa safarini kuelekea Pemba, na MV Skagit ikafuata Julai 2012 ikitokea Dar es Salaam. Wapo vijana madarasani leo ambao wamekua bila ya baba au mama kwa sababu ya safari hizo, na wengine hawakumbuki sura, wanakumbuka tu kilichosimuliwa. Kichwa kama "Safari ya baharini" kinaweza kumgonga mtoto pasipoonekana. Kila mara toa vichwa visivyopungua vitatu, mwenyewe achague. Usimlazimishe mtu kuandika msiba, na usimsifu kwa machozi kuliko unavyomsifu aliyeandika kuhusu paka, maana darasa litajifunza upesi kwamba maumivu yanalipa alama.

Akiwa ameamua mwenyewe kuandika, kitu cha kwanza atakachokiona chini ya kazi yake kisiwe kosa la -li- na -me-. Mwandikie kwanza kama mtu: "Nimesoma. Pole, mwanangu. Ahsante kwa kuniamini." Makosa ya lugha yanaweza kusubiri siku tatu. Ukipata nafasi mwite pembeni, muulize kama anataka insha hii ihesabiwe kama kazi ya darasa au abaki nayo. Wapo wanaotaka kubaki nayo, na tuwaachie.

Jambo la kupigwa, kudhalilishwa au kuguswa vibaya ni tofauti kabisa. Hapo huna hiari ya kunyamaza, na maneno ya "sitara" hayatumiki. Usimhoji mtoto kama polisi, usimpeleke kwa anayemtuhumu "wayamalize", usionyeshe daftari ofisini kwa walimu wote. Mwambie mkuu wa skuli au mwalimu wa ushauri nasaha, na suala lifike kwa afisa ustawi wa jamii na kwenye kituo cha Mkono kwa Mkono. Vituo hivyo vimo katika hospitali, ikiwamo Mnazi Mmoja kwa Unguja na Chake Chake kwa Pemba, na huko daktari, ushauri nasaha na polisi hupatikana pamoja. Zanzibar ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011, na mwalimu ni miongoni mwa watu wa kwanza wanaotegemewa kuifanya ifanye kazi.

Methali ngapi zinatosha?

Moja, ikiwa imekuja yenyewe. Methali iliyowekwa kwenye kinywa cha mtu ndani ya hadithi ni hai, kwa mfano nyanya anapomwambia mtoto aliyechelewa, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Methali tatu zilizopangwa kwenye aya ya kwanza kabla ya jambo lolote kutokea ni mapambo ya kununua.

Wamalizeje? Wote wanamalizia "tangu siku hiyo nilijifunza kwamba..."

Wazuie kwa muhula mmoja, uone watakachokifanya. Wengine watamaliza kwa alichosema mtu, wengine kwa walichokikuta nyumbani, wengine watakatisha tu. Hata kukatisha ni bora kuliko funzo ambalo mtoto hakulipata. Kama kweli kuna alichojifunza, kitakuwa kimeshaonekana katikati.

Lakini mtihani wa taifa unataka utangulizi, kiini na hitimisho.

Na atavipata. Ile dakika moja ndiyo kiini, sentensi mbili tatu za kutuweka mahali na wakati ndizo utangulizi, na hitimisho ni kurudi kwa muda mfupi kwenye leo. Mtahini anayesoma rundo la ajali za gari zinazofanana atafurahi kukutana na tawi la mkarafuu. Idadi ya maneno izingatiwe kama maelekezo yanavyosema, na hati isomeke. Hayo mengine ni ya kawaida.

Je, wapo watu wa kwetu walioandika maisha yao, niwaoneshe wanafunzi?

Wapo, na watoto hushangaa kusikia. Sayyida Salme binti Said alizaliwa 1844 katika kasri la Mtoni, kaskazini kidogo ya Mjini. Aliondoka Zanzibar 1866, akaolewa na Mjerumani, akajulikana kwa jina la Emily Ruete, na mwaka 1886 kumbukumbu zake zikachapishwa kwa Kijerumani. Aliziandika kwa ajili ya watoto wake, ambao hawakuijua nyumba aliyokulia. Kwa sababu wasomaji wake hawakuijua, ilimbidi aeleze kila kitu: ua wa Mtoni, na swala, tausi na mbuni waliokuwa wakizurura humo. Swali zuri la darasani linatoka hapo. Mwandikie mtu ambaye hajawahi kufika kwenu. Aone nini kwanza?

Hamed bin Muhammed, ambaye watu wanamjua zaidi kwa jina la Tippu Tip, aliyaandika maisha yake kwa Kiswahili chenyewe, na alifia Mjini mwaka 1905. Ni mfano mzuri wa usimulizi wa safari kwa lugha yetu. Lakini alikuwa mfanyabiashara wa pembe za ndovu na wa watumwa, na mwalimu hana budi kuliuliza darasa: waliobebeshwa hizo pembe, wao wangeisimulia vipi safari hiyo hiyo? Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa 1873, na waliopitia pale wengi hawakupata karatasi wala kalamu. Wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wanaweza kulifikiria hili kwa uzito unaostahili.

Naweza kuwatuma wakawahoji wazee?

Ndiyo, na waandike kama kumbukumbu ya mzee, si yao. Watume wakiwa na jambo moja mahususi. "Babu, nisimulie maisha yako" itamchosha babu. "Babu, Mapinduzi ya Januari 1964 yalikukuta wapi, na nyumbani mlikula nini siku ile?" itamfungua, ikiwa mwenyewe yuko radhi kuyasema, maana si kila nyumba inaizungumza siku hiyo kwa wepesi. Kwa wazazi ambao ni vijana bado, Unguja ilikaa bila umeme wa gridi kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Muulizeni mama alipikaje, maji yalipatikana wapi, na nani mtaani alikuwa na jenereta. Mwanafunzi aende na salamu kwanza, akae, asikilize, na daftari alitoe akiruhusiwa.

Nasahihishaje madaftari yote haya?

Usisahihishe kila kitu. Chagua mambo mawili kwa kila zoezi, uyatangaze kabla: wiki hii natazama -li- na -ka-, na natazama kama umechagua dakika moja. Makosa mengine yaache yapite. Daftari lililojaa wino mwekundu mtoto halisomi, analifunga. Pigia mstari sentensi moja iliyokaa vizuri, uandike pembeni kwa nini imekaa vizuri. Kisha rudisha, aandike tena aya moja tu. Insha moja iliyoandikwa mara mbili inamfundisha zaidi kuliko insha tano zilizoandikwa mara moja.

Mimi ni mzazi, sikusoma sana. Nimsaidieje mwanangu?

Msimulie. Mwambie ulivyopotea sokoni ulipokuwa mdogo kama yeye, kisha umuulize yake, na umsikilize mpaka mwisho simu ikiwa pembeni. Akikusomea alichoandika, usimtazame makosa. Muulize tu pale usipopaona: huyo mtu alikuwa amevaa nini? Mlango ulikuwa wazi au umefungwa? Akikujibu, mwambie, "Hayo hayo uliyoniambia, yaandike."

Na tafadhali usimwandikie wewe, wala kaka yake asimwandikie. Mwalimu anaijua sauti ya mtoto.